Kuongeza ukubwa wa injini ya Beetle bila kuiua: kutoka cc 1600 hadi 1776

Injini ya Volkswagen Beetle haina radieta, wala pampu ya maji, wala mpira wa maji wa kupasuka njiani. Joto lake hutoka kwa njia mbili: upepo wa feni unaopita kwenye mapezi ya silinda, na oili inayozunguka ndani. Ukiipanua unaongeza petroli inayoungua, na kila tone la ziada huja na joto lake, lakini feni inabaki ileile. Uamuzi wote nitakaoueleza hapa unatokana na jambo hilo.

Nakaa Mombasa. Beetle yangu ndiyo gari langu la kila siku, na mara tatu au nne kwa mwaka inapanda hadi Nairobi. Ninachokieleza ni injini ya barabara: inayowaka asubuhi bila kubembelezwa, inayovumilia foleni ya mchana wa Februari, na inayopanda mlima nyuma ya lori bila kukulazimu kuzima na kungoja. Kama unataka gari la mashindano, hesabu zake ni nyingine.

Chagua kipimo kabla ya kununua chochote

Ukubwa wa injini unahesabika kwa kalamu. Chukua kipenyo cha silinda kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa 0.7854, zidisha kwa mwendo wa pistoni (umbali inaopanda na kushuka, nao kwa sentimita), halafu zidisha kwa 4. Injini tunayoiita 1600 ina kipenyo cha milimita 85.5 na mwendo wa milimita 69, na jibu lake ni cc 1584. Ukiiacha krankishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) yake ya 69 na kubadilisha silinda na pistoni tu, unapata hivi: 87 inatoa 1641, 88 inatoa 1679, 90.5 inatoa 1776, 92 inatoa 1835, na 94 inatoa 1915.

Silinda za 87 na 88 zinavutia kwa sababu zipo zinazoingia kwenye tundu la zamani bila kuchonga bloku (mwili wa injini) wala hedi (kifuniko cha silinda chenye valvu). Unazinunua, unazichomeka, kazi imekwisha. Kasoro iko kwenye ukuta. Tundu la nje halikupanuka, kwa hiyo nafasi ya pistoni kubwa imepatikana kwa kuukonda ukuta wa silinda. Ukuta mwembamba ukipata joto hupinda, na silinda iliyopinda haizibwi na ringi yoyote. Mimi niliwahi kufunga 88 za namna hiyo. Miezi michache ya kwanza gari lilikuwa tamu, kisha likaanza kula oili na kutoa moshi kwenye bomba la kujazia oili, na safari moja nikafika Voi nikiwa na nguvu ndogo kuliko niliyokuwa nayo na injini ya asili. Tulipoifungua, mikwaruzo ilionyesha wazi kwamba ringi zilikuwa zikigusa upande mmoja na kuruka mwingine.

Za 90.5 ni habari nyingine. Zinadai bloku na hedi vichongwe, lakini ukuta wake ni mnene, na zimetumika duniani kote miaka mingi kwa magari ya kutembelea. Hapo ndipo ninaposhauri usimame. Za 94 nazo zinadumu zikifungwa na fundi makini, ila zinaongeza joto kuliko mabati ya kawaida ya kuongoza upepo wa feni yanavyoweza kulibeba kwenye hali yetu ya hewa, na nyama ya bloku inayobaki kuzunguka tundu inapungua. Kuna pia njia ya krankishafti yenye mwendo mrefu: 74 na silinda za 90.5 hutoa cc 1904. Ni injini nzuri yenye nguvu za chini, lakini gharama inapanda haraka.

Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki kwa Volkswagen 1200, injini ya cc 1192 yenye nguvu za farasi 34. Magari makubwa yaliachwa njiani. Kumbuka hilo utakapoambiwa kwamba chini ya cc 2000 si injini.

Kagua bloku kwanza

Shusha injini, ondoa mabati, na kabla hujaifungua shika puli ya krankishafti uisukume na kuivuta. Ukiona inacheza mbele na nyuma kwa jicho tu, beringi kuu ya upande wa flaiwili (gurudumu zito linalobeba klachi) imeshachimba bloku. Bloku hii ni ya magneziamu, nusu mbili zilizofungwa kwa bolti, na metali hiyo ni laini. Ikishachimbika lazima tundu la beringi lichongwe upya na kuwekwa beringi za saizi ya juu.

Ukishaigawanya, ioshe mpaka ing'ae, kisha tafuta nyufa nyuma ya silinda namba 3, upande wa flaiwili, kwa sababu hapo ndipo bloku nyingi hupasuka. Halafu angalia matundu ya stadi, zile fimbo ndefu zenye meno zinazoshika hedi. Stadi za zamani ni za milimita 10, za baadaye ni za 8. Kama meno yamevutika, au kama bloku haijawahi kuwekewa bushi za chuma kwenye matundu hayo, ziweke zote 16 sasa. Stadi ikitoka kwenye bloku ukiwa Mtito Andei, hedi inainuka na safari imeishia hapo.

Bloku ikiwa imechongwa beringi mara mbili au tatu tayari, tafuta nyingine. Usiwekeze silinda mpya juu ya msingi uliochoka.

Kazi za kupeleka kwa mchonga vyuma

Mpelekee silinda zenyewe, usimpelekee vipimo vya kuambiwa. Achonge tundu za bloku na za hedi kulingana na silinda zilizo mkononi mwake, na uso zinapokalia uwe sawa kwa zote nne. Silinda moja ikikaa chini kuliko jirani yake, hedi haitabana sawasawa, na moshi utavuja pale.

Akiwa na bloku hiyo, mwombe atoboe na kukata meno kwenye njia kuu ya oili ili ufunge filta ya nje. Injini hii ilitoka kiwandani na chujio la wavu tu, lisilozuia vumbi laini la chuma. Pampu yenye kifuniko cha kutolea oili, mipira miwili mizuri, na filta ya kawaida ya kuzungusha kwa mkono, vyote ni rahisi kuliko seti moja ya beringi. Kati ya mambo yote niliyoyaongeza kwenye injini yangu, hili ndilo ambalo ningelifanya hata kama nisingeongeza cc moja.

Pampu ya gia za milimita 26 inatosha. Usishawishike na ya 30: oili ikiwa baridi inasukuma presha kubwa mno na kupasua sili za kipoza oili.

Krankishafti ipimwe na kusafishwa njia zake za oili. Kisha pima uzito. Pistoni nne zipishane kwa gramu moja au mbili tu, konrodi vivyo hivyo, na krankishafti isawazishwe pamoja na flaiwili na sahani ya klachi. Mizani ndogo ya jikoni ya kidijitali inakutosha kwa pistoni. Flaiwili usiipunguze uzito. Kwenye foleni uzito wake ndio unaokusaidia kuondoka taratibu.

Kufunga sehemu ya chini

Sehemu hii haipendi haraka. Kila beringi ina pini yake inayoingia kwenye tundu dogo. Beringi isipokaa juu ya pini, ukikaza bolti unaiponda. Gia ya kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ina nukta moja, na nukta hiyo iingie katikati ya nukta mbili za gia ya krankishafti. Bolti kubwa sita za milimita 12 zikazwe kwa Nm 34 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), nati ndogo za milimita 8 kwa Nm 20. Baada ya kila raundi ya kukaza, zungusha krankishafti kwa mkono. Ikianza kuwa nzito, fungua. Hakuna injini iliyolegea yenyewe baadaye.

Mchezo wa mbele na nyuma wa krankishafti upimwe kwa flaiwili ikiwa imekazwa, na uwekwe kati ya milimita 0.07 na 0.13 kwa shimu (pete nyembamba za kujazia nafasi) tatu.

Kompresheni: hapa ndipo injini nyingi zinapouliwa

Injini ya 1600 ilitoka na kompresheni, yaani kiwango cha hewa kubanwa ndani ya silinda, ya 7.5 kwa 1. Ukiweka pistoni za 90.5 bila kubadilisha kingine, hewa nyingi zaidi inabanwa kwenye chumba kilekile, na kompresheni inaruka bila wewe kujua. Injini itavuta vizuri sana wiki ya kwanza. Baadaye ukiingia mlimani katika joto, inaanza kugonga, na sauti hiyo ni ya pistoni ikipigwa nyundo.

Pima vitu viwili. Cha kwanza ni nafasi kati ya uso wa pistoni na ukingo wa silinda pistoni ikiwa juu kabisa. Bana silinda chini kwa nati na vipande vya bomba juu ya stadi, leta pistoni juu, upime kwa vania (kipimo cha milimita cha taya) ukifuata mstari wa pini ya pistoni, maana pande nyingine pistoni hulala na kukudanganya. Cha pili ni ujazo wa chumba cha hedi. Funga valvu na plagi, paka grisi kidogo ukingoni, funika kwa kipande cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga chenye tundu dogo, kisha jaza mafuta mepesi kwa bomba la sindano la hospitali, ukihesabu cc hadi hewa yote iishe. Fanya hivyo kwa vyumba vyote vinne, na baada ya hedi kuchongwa, si kabla.

Sasa hesabu. Silinda moja ya 1776 inafagia cc 443.9. Chukua chumba cha cc 53 na nafasi ya juu ya milimita 1.5, ambayo ni cc 9.65. Jumla ya nafasi iliyobaki ni 62.65. Gawanya 443.9 kwa 62.65, jumlisha 1, unapata 8.1. Hiyo ni nzuri. Chukua chumba cha cc 46 na nafasi ya milimita 1: unapata karibu 9.5, na kwa gari la kila siku Pwani hiyo haifai. Lenga kati ya 7.8 na 8.2. Kama iko juu, weka shimu chini ya silinda au mwombe mchongaji aongeze chumba cha hedi, ila nafasi ya juu usiipitishe milimita 1.5.

Mwanya wa ringi upimwe ndani ya silinda, karibu milimita 0.35. Mshale ulio juu ya pistoni uelekee flaiwili.

Hedi, kamshafti na ekzosi

Weka hedi zenye matundu mawili ya kuingizia, na valvu zake za kiwandani: 35.5 za kuingiza na 32 za kutoa. Wengi wanapenda valvu kubwa, lakini nyama ya hedi kati ya valvu na plagi ndiyo inayobeba joto, na kila milimita unayoipanua unaikata hapo. Hedi iliyopasuka kati ya kiti cha valvu na tundu la plagi iache. Mimi huweka valvu mpya za kutoa na gaidi mpya (bushi zinazoongoza mashina ya valvu) kila mara. Valvu ya kutoa ikikatika inatoboa pistoni, na bei yake haifiki hata robo ya bei ya pistoni.

Kamshafti iwe ya kiwandani, au iliyozidi kidogo sana. Ukibadilisha kamshafti, badilisha na tapeti zake zote nane. Ekzosi ya kawaida inatosha. Hedi zikazwe kwa awamu mbili, Nm 10 kwanza, halafu Nm 25 kwa stadi za milimita 8 au Nm 31 kwa stadi za 10.

Upepo

Mafundi wengi wanaufikia mwisho, jioni, wakiwa wamechoka, na hapo ndipo mabati "yasiyo na kazi" yanapobaki sakafuni. Kila bati lina kazi. Yale madogo yanayokaa chini ya silinda, ambayo kutoka nje hayaonekani, ndiyo yanayolazimisha upepo uzunguke sehemu ya chini ya mapezi. Bila hayo upepo unashuka moja kwa moja, na nusu ya silinda inaiva. Mpira unaozunguka chumba cha injini ndio ukuta kati ya hewa baridi ya juu na hewa ya moto inayotoka chini. Ukiwa umekatika, feni inavuta hewa ileile ya moto na kuirudisha.

Angalia kasha la feni. La zamani limekiweka kipoza oili ndani, juu ya upande wa kushoto, kikiuziba upepo wa silinda namba 3. Ndiyo maana namba 3 ndiyo hufa kwanza kwenye injini hizi. Kuanzia modeli za 1971 kipoza kilisogezwa nyuma na kupewa njia yake ya hewa, na feni ikapanuliwa. Kwa 1776 kasha hilo jipya ni la lazima. Tafuta lile la asili likiwa na vibati vya ndani vya kugawa upepo. Makasha mengi ya kung'aa yanayouzwa kama urembo hayana.

Huku Pwani watu hung'oa hita, jambo linaloeleweka. Ukiing'oa, ziba ile midomo miwili ya kasha la feni iliyokuwa ikipeleka hewa kwenye hita, la sivyo upepo unamwagika bure. Na usifunge puli ndogo ya alumini ya kuokoa nguvu. Inaokoa nguvu kwa kuipunguzia feni mwendo.

Usiweke pia sanduku la oili la kuning'inia chini. Tuta la kwanza litalikuta.

Kabureta na moto

Kabureta moja ya kiwandani, Solex 34 PICT-3, inaweza kuilisha 1776 ikiongezwa jeti kuu (kitundu kinachopima petroli), ingawa itaishiwa pumzi kwenye mzunguko wa juu. Kabureta mbili, kama Weber 34 ICT au zile za Brazil ziitwazo Kadron, zinaiamsha injini vizuri, kwa sharti kwamba fimbo zake zifunguke kwa pamoja na filta zake ziwe kubwa. Vifilta vidogo vya kroma usivipeleke kwenye barabara ya vumbi.

Kwa anayesafiri kati ya bara na Pwani, hili ni zito. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 17. Kabureta iliyosetiwa Nairobi ikishuka hadi Mariakani inakutana na hewa nzito kwa jeti ileile, mchanganyiko unakosa petroli, na petroli ikipungua vyumba vya moto vinawaka kupita kiasi. Seti jeti zako kwa usawa wa bahari. Ukifika Nairobi gari litakuwa zito kidogo na plagi zitaingia weusi. Hilo halitoboi pistoni.

Distributa iwe yenye vakyumu. Jumla ya digrii ambazo cheche ya plagi inatangulia, mpira wa vakyumu ukiwa umechomolewa, isizidi 30 kwenye mzunguko wa 3,500.

Kuiwasha na siku za mwanzo

Jaza lita 2.5 za oili, na nyingine kidogo kwa filta. Toa plagi zote, zungusha kwa stata mpaka taa ya oili izime. Rudisha plagi, washa, na kama kamshafti ni mpya ishikilie kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika 20 bila kuiacha ishuke. Feni belti iwe imefungwa. Hata dakika mbili bila feni ni nyingi. Kisha mwaga oili hiyo na utazame kilichomo.

Kilomita 500 za kwanza badilisha mwendo mara kwa mara, usiilazimishe kwa gia kubwa mlimani, halafu mwaga oili tena na upime valvu injini ikiwa baridi kabisa: milimita 0.15 zote nane. Baada ya hapo pima kila kilomita 5,000. Mwanya wa valvu moja ya kutoa ukikutwa umekuwa mdogo kila unapopima, valvu hiyo inanyooka au inazama kwenye kiti chake. Ishushe hedi ungali na nafasi.

Funga geji ya joto la oili na ya presha. Taa ya kwenye dashibodi huwaka presha ikiwa imeshashuka chini ya nusu baa, na wakati huo beringi zimeshaumia. Oili ikiwa moto, tarajia kama baa 0.7 kwa kila mizunguko 1,000. Joto la kawaida ni kati ya nyuzi 80 na 110. Ukiiona inaelekea 120, shuka gia moja, punguza mguu, uiache feni izunguke haraka. Yangu, siku ya jua kali kutoka Mazeras kwenda juu nikiwa na abiria watatu, inasimama kwenye 108, na Sultan Hamud inakuwa imerudi 98.